Kichupa cha Zula

Foleni ya mpakani, 6 Novemba 2006

Kwako Dada Dulmaa,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Baridi mnaionaje huko mjini? Huku Gobi upepo unapiga kama una kisa na sisi. Leo ni siku ya tisa tumepanga foleni, malori ya makaa ya mawe mpaka nyuma ya kilima, na geti linafunguliwa wenyewe wanapojisikia.

Dada, nina jambo. Naona aibu kuliandika, maana wewe ndiye uliyenilea mama alipokufa, ukanifunga kamba za viatu mpaka nina miaka minane. Lakini sina mwingine. Kukojoa kumekuwa adhabu. Naona moto. Asubuhi nakuta usaha wa manjano kwenye nguo ya ndani. Wenzangu wanacheka, wanasema, "Sodnom kaunguza injini." Choijil, dereva mwenzangu, alinipa vidonge, nikapona siku tano, hiki kisonono kikarudi na hasira. Nikameza vingine. Kikarudi tena.

Ilikuwa Septemba, kwenye kibanda cha chai cha Handa. Sitasema zaidi ya hapo.

Wewe uko hospitali. Niandikie jina la dawa iliyo kali kuliko zote, Choijil ataniletea. Na nakuomba kwa jina la mama, usimwambie mke wangu Zula. Ana mimba ya miezi sita, yuko kwa wazazi wake, kambini kwao kwenye mifugo. Mimi ndiye niliyekosa, kwa nini alie yeye?

Ni mimi mdogo wako,
Sodnom


Mjini, 11 Novemba 2006

Mdogo wangu Sodnom,

Marahaba. Kikohozi kimepona, asante. Wewe ndiye hujapona, na barua yako imenifanya niache maziwa yakamwagikia jiko.

Kwanza ujue, mimi sikai na madawa. Mimi nakaa na darubini na sahani za kuotesha vijidudu. Kisonono cha siku hizi si kile cha enzi za baba. Kimejifunza. Na nyinyi madereva mnaomeza vidonge viwili leo, vinne kesho, ndio walimu wake. Tena huenda hata si kisonono. Wako wadudu wengine wanaopita njia hiyohiyo. Nikikutajia dawa bila kumwona mdudu mwenyewe, nitakuwa narusha jiwe gizani. Nikimwotesha, nitamzungushia dawa moja moja nione ipi inamuua.

Sasa sikiliza. Acha vidonge wiki nzima, hata kama unalia. Kisha nenda kwa muuguzi wa kambi ya makaa asubuhi, kabla hujakojoa. Nimeweka humu kijiti cha pamba na mrija wenye ute mweusi wa mkaa. Achukue usaha, akitumbukize humo, afunge. Choijil auvae mrija kwapani, chini ya nguo zote, anifikishie siku hiyohiyo. Mdudu huyu ana kiburi mwilini mwa mtu, lakini nje ni mnyonge. Baridi inamuua, ukavu unamuua.

Na swali moja, unijibu bila kuzunguka: tangu Septemba, umelala na Zula?

Dada yako,
Dulmaa


Kambi ya makaa, 24 Novemba 2006

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi naendelea hivyohivyo. Watoto wako hawajambo? Wasalimie.

Nimefanya yote. Ile wiki bila vidonge sitaisahau, nilikuwa nauma kofia kila nikienda haja. Muuguzi hakuniuliza kitu, alisema tu, "Wewe ni wa kumi na tatu tangu sabuni yangu ianze kuisha." Choijil ameuchukua mrija, ila anaushika kama nyoka. Nikamwambia, "Kwapani!" Akasema, "Kwapani mwangu? Mke wangu akiuona je?" Nikamwambia aseme ni dawa ya farasi.

Niandikie upesi jina la dawa.

Mdogo wako,
Sodnom


Mjini, 28 Novemba 2006

Sodnom,

Hatujambo. Baridi imefika nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, na hilo ndilo lililotuangusha.

Hakuna kilichoota. Sahani zangu nazipika mwenyewe, kwa damu ya kondoo ninayoipasha moto mpaka inakuwa rangi ya chokoleti. Nilizipaka usaha wako, nikaziweka kwenye mtungi, nikawasha mshumaa ndani, nikafunika uzimike wenyewe, maana mdudu huyu hapendi hewa safi. Siku mbili kwenye kabati la joto. Siku tatu. Sahani tupu kama nilivyozipika.

Nikamwita Choijil. "Uliuvaa kwapani?"

"Niliuvaa, dada."

"Choijil."

Akatazama buti zake. "Mpaka kilima cha kwanza. Kisha nikauweka kwenye sanduku la spana, kule nje. Nilisikia unanitambaa, dada, naapa."

Sanduku la spana! Uligeuka barafu. Usiniambie basi huna ugonjwa. Sahani tupu si kwamba huumwi. Ni kwamba shahidi wetu alikufa njiani.

Hujanijibu swali langu. Umeuliza hali ya watoto, umeniletea habari za sabuni, na swali umelipita kama jiwe barabarani. Nijibu.

Dulmaa, dada yako


Foleni, 3 Desemba 2006

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha lori, wino unaganda.

Ndiyo. Mwezi wa kumi nilipata siku tatu nikaenda kambini kwa wakwe. Nilikuwa nimemaliza vidonge vya kwanza, usaha umekauka, nikajiona mzima. Zula alinichinjia kondoo. Dada, ningemwambia nini? Ningemkataa kwa maneno gani?

Kilirudi siku mbili baada ya kuondoka.

Yeye haumwi kitu, nilimuuliza kwa njia ya salamu, akasema yuko salama, mtoto anacheza tumboni. Basi labda hakikumpata. Niambie kwamba labda hakikumpata. Silali. Nikifumba macho namwona baba mkwe ananitazama.

Mdogo wako


Mjini, 6 Desemba 2006

Mdogo wangu,

Sikuandikii salamu leo, nisamehe. Nitakwambia ninachokijua.

Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Hawaungui, hawatoki usaha. Wanabeba tu. Kisha siku ya kujifungua mtoto anapita katika njia hiyo, na mdudu anamwingia machoni. Mwaka juzi nilipokea usaha wa macho ya kichanga wa siku sita. Uliota vizuri sana, Sodnom. Sahani nzuri kuliko zote za mwaka ule. Mtoto yule ni kipofu.

Zula anatarajia kujifungua sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwezi wa pili. Tuna wiki kumi. Ni nyingi, tukizitumia. Anatakiwa sindano moja tu, lakini lazima tujue ni sindano gani, maana vidonge vya njia yenu vinashindwa kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo njoo mwenyewe. Usinitumie Choijil, usinitumie mrija. Lete mwili wako. Bosi akimpa mtu mwingine lori, ampe.

Kisha utaenda kambini utamwambia mkeo kwa mdomo wako. Mimi ni wifi yake, amenipa siri zake tangu hajawa mkeo, na kila siku ninayonyamaza namwibia. Nanyamaza kwa sababu yako. Usinifanye nijute.

Dada yako,
Dulmaa


Mjini, 18 Desemba 2006

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za safari? Natumai ulifika foleni salama, na lori bado ni lako. Nilifurahi kukuona, japo ulikonda na ulikaa ukingoni mwa kiti changu kama mgeni. Nilijua unaona aibu kuchukuliwa usaha na dada yako; ndiyo maana nilimwita Daktari Pagma akuchukue yeye, nami nikageukia dirishani.

Mdudu ameota. Siku ya pili asubuhi nilifungua mtungi nikaona vitone vidogo, vinang'aa, vya kijivu kama umande. Nikavidondoshea dawa, vikageuka zambarau. Ni kisonono, hakuna ubishi tena. Nikakipanda upya, nikaweka juu yake vikaratasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayoua huacha duara tupu pembeni yake. Penisilini, hakuna duara. Vidonge vyako vya barabarani, hakuna. Vitone vimeota mpaka ukingoni mwa vikaratasi, kama majani yanayokumbatia jiwe. Moja tu, ya sindano, imeacha duara pana kabisa. Nilikaa nikalitazama duara lile nikalia.

Daktari Pagma ameandika, na humu mna vichupa viwili. Kimoja chako, muuguzi wa kambi akuchome leo hiihii. Kingine nimekifungia kitambaa chekundu, ni cha Zula. Muuguzi wa kijiji chao anajua kuchoma. Nenda wiki hii. Mwambie kwanza, kisha mpe. Usimchome mtu dawa asiyoijua.

Dada yako anayekuamini,
Dulmaa


Kambi ya makaa, 5 Januari 2007

Dada Dulmaa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nimepona! Nilichomwa tarehe ishirini, na siku ya pili nilikojoa nikicheka peke yangu nyuma ya lori. Mikono yako ibarikiwe.

Kuhusu kambini, sijaenda bado. Usikasirike. Nilitoka mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mpaka kwenye kilima unapoona moshi wa hema lao. Nikazima injini. Nikakaa. Nikajizoeza maneno, Zula, nisikilize, na kila nikianza naona anaacha kutabasamu. Nikageuza. Mara ya pili sikufika hata hapo.

Kichupa chake kipo, nakilinda ndani ya kofia. Nimeamua hivi: nitaenda Mwezi Mweupe, watu wote wakiwa wamevaa vizuri na wamefurahi, nitamwambia taratibu. Si bado kutakuwa na muda?

Mdogo wako,
Sodnom


Mjini, 9 Januari 2007

Sodnom,

Hapana. Muda hakuna. Mwezi Mweupe ndiyo siku ya kujifungua yenyewe, na watoto hawasomi kalenda.

Nimeomba ruhusa kazini. Daktari Pagma amekubali tuende pamoja kwa gari la hospitali, na dawa nyingine. Ukiwahi kufika kabla yangu, utakuwa umesema wewe. Usipowahi, nitasema mimi.

Dulmaa


Mjini, 2 Februari 2007

Kwa Sodnom,

Sijui kama umesikia, maana Choijil anasema umehamia foleni ya mbele na hupokei ujumbe. Nakuandikia ili usije ukasema hukuambiwa.

Tulipotaka kuondoka, dhoruba ilianguka. Siku kumi na moja njia haikuonekana. Tulijaribu mara moja, gari likazama kwenye theluji mpaka milangoni, tukarudi kwa kuvutwa na trekta. Tulifika kambini tarehe ishirini na mbili, mchana.

Mbwa hawakubweka. Mama mkwe wako alitoka na beseni la chai, akafurahi kuniona. "Umesikia! Nani amekwambia? Tumepata msichana, ana siku nne. Kaharakisha kuja, mdogo huyo, lakini ananyonya!" Kisha akashusha sauti. "Ila macho yake yamevimba. Yanashikana. Namwosha kwa chai na maziwa ya mama yake."

Sodnom, niliingia bila kungoja kukaribishwa.

Zula alikuwa amekaa karibu na jiko, mtoto mapajani. Akaniambia, "Wifi, njoo umwone. Analia hafungui macho." Nilimfungua kope kwa kidole. Usaha ulinirukia mkononi. Daktari Pagma hakusubiri; alimchoma mtoto sindano, akaanza kumwosha kwa maji ya chumvi. Tulijua ni dawa gani, kwa sababu ya sahani yako. Tusingeijua, tungeanza kubahatisha, na kwa macho ya kichanga siku moja ya kubahatisha inatosha kupofusha.

Zula akatazama sindano, akanitazama mimi. "Mlijuaje mje na dawa?"

Nikamwambia. Yote. Nilikaa chini nikamwambia, Handa, vidonge, mrija, barua zako, barua zangu. Hakupiga kelele. Alimalizia kumfunga mtoto kamba ya nguo, kisha akauliza, "Wifi, wewe ulijua tangu lini?"

"Novemba."

"Novemba," akasema. "Novemba nilikutumia siagi."

Basi. Hilo tu. Akavua mkono wa deli, joho lake, achomwe naye, akageuzia uso ukutani.

Tuliwaleta mjini siku ileile. Wiki nzima tulimwosha mtoto kila saa, tukipokezana. Usaha wa macho yake niliuotesha mwenyewe. Sikutaka mwenzangu aushike. Umande uleule wa kijivu. Zambarau ileile.

Jicho la kulia limepona, linafuata mwanga. La kushoto lina kovu jeupe katikati. Daktari wa macho anasema halitaona.

Nami nikwambie langu. Wewe uliogopa uso wa Zula. Mimi niliogopa uso wako. Nilikuwa na jibu mkononi tarehe kumi na nane Desemba, kichupa mkononi, gari lipo, njia kavu, nikakupa wewe uende ili usiaibike mbele ya wakwe. Zula ana haki ya kutonipokea chai mpaka nife. Leo amekunywa nusu kikombe nilichomletea. Sijui ni msamaha au ni kiu.

Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema: "Mwambie asije kuniomba msamaha. Sina nafasi, mtoto ana kazi nyingi. Akitaka kuja, aje afanye kazi."

Dada yako bado,
Dulmaa


Kambi ya majira ya baridi, 27 Februari 2007

Dada,

Shikamoo. Mnaonaje hali huko? Sisi huku wazima, mifugo imekonda lakini inasimama.

Barua yako niliisoma nikiwa namba nne kutoka getini. Nilimpa Choijil funguo za lori. Akasema, "Siku ishirini na mbili umengoja, umebakiza magari manne!" Nikashuka.

Nilipita kwanza kwa Handa. Kibanda kilijaa madereva wanakula supu. Nilitaka kumwita pembeni, nikaona pembeni ndiko kulikonifikisha hapa. Nikasema mbele ya wote: mimi ni mgonjwa niliyepona, kisonono nilikipata hapa, nimekipeleka nyumbani, mtoto wangu kapoteza jicho. Vidonge vyenu havitibu. Nendeni kwa dada yangu mjini, mtolewe usaha, auoteshe. Handa alinirushia upawa, ukanipata hapa juu ya nyusi. Mmoja akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Asubuhi yake Handa alifunga kibanda, akapanda lori linalokwenda mjini, na wanaume watatu nyuma yake hawatazamani. Kama wamefika kwako, mpokee vizuri, dada. Naye hakuwa akijua. Na kuna aliyempa.

Nilifika kambini tarehe kumi na tatu. Zula alikuwa amesharudi kutoka kwako; hakunisalimu. Alinipa mtoto mikononi, akaenda kwa kondoo. Baba mkwe alinionyesha hema dogo la wana-kondoo, ndipo ninapolala. Naamka kabla yao, nazoa samadi, navunja barafu, nachemsha maji. Mtoto namwosha mimi. Mama mkwe ananifundisha kumshika kichwa. Nikipita upande wake wa kushoto hashtuki, hajui kama nimefika. Kwa hiyo najifunza kupita kulia, au kukohoa kwanza.

Mwezi Mweupe ulipita. Wageni walikuja, wakala, wakaniamkia kwa mkono mmoja, si miwili kama desturi. Zula alivaa deli ya buluu. Nilikaa karibu na mlango.

Kuna jambo moja, ndilo ninaloandikia. Baba mkwe alimpa mtoto jina kabla sijafika. Alimnong'oneza mara tatu katika sikio la kulia, kama desturi. Mimi sikuwepo, na hakuna anayelitamka mbele yangu. Nikiingia wanasema "mtoto". Nje ya hema nawasikia wanaita, lakini upepo wa huku haupitishi maneno, nasikia tu sauti inapanda na kushuka. Nilimuuliza bibi yake. Akasema, "Muulize mwenye mtoto."

Juzi nikamuuliza Zula. Alikuwa anakamua. Alimaliza mbuzi yule, akamaliza na mwingine. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, bila kugeuka, "Hujakaa vya kutosha."

Basi nakaa. Choijil amekuja kunidai jibu la lori, nimemwambia alichukue moja kwa moja.

Najua Zula amekuandikia wewe jina hilo. Nakuomba, dada, ukinijibu usilitaje, hata kwa bahati mbaya, hata kwenye salamu. Mwite "mtoto" tu. Nataka nilisikie kwa Zula.

Mdogo wako,
Sodnom